Mkia wa mjusi, wino wa ngisi: tuyapange maneno yetu ya kuwatoa watu kwenye jambo

Mfasiri wa Usiku (mtoa mada)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Leo siku ya tatu nimekwama kwenye neno moja, naomba mnisaidie. Natafsiri kitabu cha kufundishia namna ya kujenga hoja. Kuna sura nzima inahusu ile mbinu ambayo kila mtu ameshakutana nayo: mtu anaulizwa swali, anaona limemkalia vibaya, basi anazua jambo jingine lenye kelele, na kufumba na kufumbua wote mko huko mnabishana. Swali la mwanzo limebaki peke yake.

Waingereza mbinu hiyo wameipa jina la samaki. Ni heringi aliyetiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi mpaka akageuka mwekundu, na harufu yake ni kali kweli kweli. Aliyelitia nguvu jina hilo ni mwandishi William Cobbett, ambaye mwaka 1807 alisimulia kisa cha kijana aliyemburuta heringi ardhini ili mbwa wa kuwinda waache harufu ya sungura wafuate ya samaki. Alikuwa anawakemea waandishi wa magazeti waliokimbilia habari isiyo ya kweli kwamba Napoleon, mtawala wa Ufaransa, kashindwa, wakaacha mambo mazito ya nchini mwao.

Sasa mfasiri aliyenitangulia ameandika "samaki mwekundu" mwanzo hadi mwisho. "Mjumbe yule alitupa samaki mwekundu kikaoni." Nilimpa rafiki yangu ukurasa mmoja ausome. Akausoma mara mbili, akaniuliza: huyu samaki katokea wapi? Yaani neno lililowekwa kueleza jinsi msomaji anavyopotezwa, limempoteza msomaji.

Kwenye daftari nimeandika: kiinimacho, changa la macho, hadaa, ghilba, danganyatoto, geresha, zuga, mkanganyiko, kizungumkuti, upotoshaji. Yote nayapenda. Lakini kila nikilipachika moja, naona halikai. Tatizo liko wapi?

Kasia Mkononi

Changa la macho, mkuu. Umeshalitaja mwenyewe, unahangaika nini tena?

Mfasiri wa Usiku

Nilianza na hilo hilo, ngoja nieleze kwa nini nililitoa. Mchanga ukikuzwa unakuwa changa, ndiyo maana tunasema changa *la* macho, hatusemi mchanga *wa* macho. Ni mkono mzima wa mchanga umerushwa usoni. Aliyepigwa changa la macho haoni kushoto wala kulia, kazi yake ni kufikicha macho. Lakini yule aliyerushiwa jambo la pili kikaoni anaona vizuri tu. Anaona, anasikia, anajibu, tena kwa jazba. Kosa ni kwamba anaangalia pasipo.

Nikiandika changa la macho, mwanafunzi ataelewa kwamba hoja ile inapofusha. Haipofushi. Inageuza shingo.

Mzamiaji

Mkuu, hapo kwenye kupofusha na kugeuza shingo pamenigusa, maana viumbe wenyewe wanazo mbinu hizo mbili na hazifanani hata kidogo.

Chukua ngisi. Akikimbizwa anatoa wino, maji yote mbele yanakuwa meusi. Samaki anayemfukuza yuko palepale, anaangalia palepale anapotakiwa kuangalia, ila haoni. Hiyo ndiyo changa la macho.

Halafu chukua mjusi. Paka akimbana, mkia unakatika. Hauvutwi na paka, ni mjusi mwenyewe anauachia, kwa sababu ndani ya mifupa ya mkia kuna sehemu dhaifu zilizowekwa tayari kwa ajili hiyo. Na ukishadondoka hautulii. Unajipinda, unaruka, unapiga sakafu huku na huku, neva na misuli yake bado inafanya kazi bila mwili. Nimewahi kuinama nikautazama mmoja kwa karibu sana: ncha inazunguka upande huu, kitako kinazunguka upande ule, na paka ameutolea macho hapepesi. Mwenye mkia yuko juu ya ukuta zamani. Paka haoni giza. Anaona kitu halisi, cha nyama, kinachocheza. Kaachiwa kitu cha kutazama.

Wewe unatafuta neno la mkia wa mjusi, na daftari lako limejaa maneno ya wino.

Mfasiri wa Usiku

Mzamiaji, nimesoma mara tatu. Ahsante sana. Kwa hiyo tugawe: wino na mkia. Wakuu endeleeni, nayapanga upya.

Mstaafu 44

Naunga mkono mgawanyo huu, na kwenye historia ya vita ya pili ya dunia mifano yake ipo wazi.

Wino: Julai 1943, ndege za Uingereza zilipokwenda kushambulia Hamburg zilimwaga angani maelfu kwa maelfu ya vipande vyembamba vya karatasi yenye alumini. Rada za Wajerumani zilikuwa nzima na zilielekezwa kulekule ndege zilikokuwa, lakini kioo kilijaa alama tupu. Ipi ndege, ipi karatasi, hakuna aliyejua.

Mkia: mwaka uliofuata, kabla ya kutua Normandy, pwani ya Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, Washirika (Uingereza, Marekani na wenzao) walitengeneza jeshi zima la uongo kusini mashariki mwa Uingereza, likiwa na mawasiliano ya redio ya kuigiza na zana bandia, ili Wajerumani waamini shambulio litapita Pas-de-Calais, sehemu nyingine ya pwani hiyo. Hawakufunikwa macho. Walipewa kitu cha kuona. Na hata baada ya watu kutua Normandy, Wajerumani waliendelea kwa wiki kadhaa kuweka majeshi Calais wakisubiri shambulio ambalo halikuwepo.

Kuna anayependa kuita hiyo ya pili "chambo". Mimi nakataa. Chambo humvuta samaki aje anaswe mkononi mwako, unamtaka yeye. Hapa humtaki aje kokote, unataka *aondoke* ulipo wewe.

Mwalimu wa Vinyambuo

Wanangu, ongezeni na hili la sarufi, kwa sababu Kiswahili kimeshawapangia sehemu ya kazi.

Angalieni kauli ya kutendua, ile inayorudisha kitendo nyuma: funga, fungua, kunja, kunjua. Sasa yatazameni maneno ya mchafuko wa akili. Utata umetokana na *tata*, hali ya nyuzi kushikana na kuviringana. Uzi ukitatana, unautatua. Kwa hiyo utata, tatizo, tatanisha, tatua, utatuzi, wote ni ukoo mmoja, na ukoo huo ulianzia kwenye uzi. Fumbo linatoka kwenye kufumba, na ufumbuzi ni kulifumbua, kama mtu anavyofumbua macho. Aliyezongwa na mambo huzongolewa. Kilichochanganywa huchanganuliwa.

Mnaona? Maneno ya wino, kama mlivyoyaita, yana dawa ndani yake. Ukishasema "utata", umeshasema kwamba kuna ncha ya uzi mahali fulani, ukivuta kwa subira utafunguka.

Yale mengine sasa. Hadaa: neno la kutendua liko wapi? Hakuna. Ghilba? Hakuna. Zuga? *Zugua* hatuna. Aliyehadaiwa hatatuliwi. Anazinduliwa, kama mtu aliyelala, au anazinduka mwenyewe. Kwa sababu hakuna kilichotatana. Mambo yake yote yamenyooka, ila yamenyookea upande usio wake.

Kuna neno jingine naomba mlitazame: *kughafilika*. Ni la Kiarabu, na huko *ghafla* maana yake ni hali ya kutokuwa macho, kusahau kilicho mbele yako. Sisi tumelichukua ghafla likawa "mara moja, bila kutarajia". Lakini tukumbuke kwamba jambo huja ghafla kwa yule aliyeghafilika. Kwa aliyekuwa anatazama, lilikuwa linakuja polepole.

Kasia Mkononi

Mwalimu, shikamoo. Hilo la ghafla sitalisahau. Narudisha jibu langu la kwanza, nilikimbilia.

Mwalimu wa Vinyambuo

Marahaba. Hukukosea sana, changa la macho lina mahali pake.

Dogo wa Kona

Wakubwa naomba kuchangia kuhusu zuga, maana hilo ni neno letu la kila siku.

Kwenye kamusi ukisoma zuga utakuta ni kumpumbaza mtu, kumfanya zuzu. Anayezugwa ni mwingine. Lakini sisi tukiongea, anayezuga ni mtu na nafsi yake: "Nilizuga kama simuoni." "Anazuga anasoma." Yaani unavaa hali ambayo si yako. Kuna ndege wanaotaga chini ardhini ambao adui akisogelea kiota, mama anaanza kuburuta bawa kama limevunjika, anahangaika, anazidi kusogea mbali na kiota, adui anamfuata akijua kapata mnyonge. Wakishafika mbali anaruka zake. Ule ndege *anazuga*. Sina neno bora zaidi ya hilo.

Lakini kwa kitabu cha mkuu halitufai, kwa sababu yule wa kikaoni hajazuga chochote. Jambo alilolitupa mezani linaweza kuwa la kweli kabisa! Mkia wa mjusi ni mkia kweli.

Mfasiri wa Usiku

Dogo, hapo umepiga kwenye mfupa. Hilo ndilo lililokuwa linaniwasha bila kulijua.

Hadaa, ghilba, geresha, danganyatoto: yote yana uongo ndani. Danganyatoto limeutaja waziwazi. Kiinimacho nacho: kiini ni kilichomo ndani kabisa, kama kiini cha yai, na mchezo wenyewe ni kukufanya uone kisichokuwepo. Mbinu ya sura yangu haihitaji uongo hata chembe. Unamuuliza mtu hesabu za mwaka jana ziko wapi, anakujibu kwamba paa la ukumbi linavuja na watoto wataugua. Paa linavuja kweli. Watoto wataugua kweli. Ndiyo maana ni vigumu kumkatalia: ukisema "rudi kwenye hesabu", unaonekana huna huruma na watoto.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alipoorodhesha aina 13 za hoja za hila, mojawapo ilikuwa hiyo ya kuthibitisha jambo ambalo silo lililoulizwa. Hakusema jambo hilo ni la uongo. Alisema silo.

Kwa hiyo naondoa yote yenye uongo. Daftari limebaki na mkanganyiko, kizungumkuti na upotoshaji.

Mzamiaji

Kizungumkuti ondoa pia. Hicho ni kizungumkuti cha mambo yenyewe, hali isiyoeleweka inaelekea wapi. Hakina mwenyewe. Mkia una mwenyewe.

Mezani kwa Habari

Hapo kwenye "kina mwenyewe au hakina" naomba nafasi, kwa sababu lipo neno hamjalitaja na mimi limenikaa kooni miaka. *Sintofahamu.*

Lipasueni mlione. Ndani kuna *si-* ya mimi, nafsi ya kwanza, na kuna *fahamu*. Ni mtu anasema kwamba yeye hataelewa. Sentensi kamili ya mtu mmoja aliyeshindwa kuelewa, tumeigeuza jina, tukaipa ngeli, na sasa inazuka, inaibuka, inatanda. Neno zuri sana likitumika mahali pake: watu wawili walielewana vibaya kuhusu saa ya mkutano, hiyo ni sintofahamu. Sina ugomvi nayo.

Lakini someni sentensi ya namna hii, mtakuwa mmeisoma mara nyingi: "Kumezuka sintofahamu baina ya pande mbili na kusababisha baadhi ya watu kujeruhiwa."

Twende neno kwa neno. *Kumezuka*: kiima ni mahali, hakuna aliyezusha. *Sintofahamu*: hakuna aliyekosa, ni kutoelewana tu. *Pande mbili*: hazina majina, na zimewekwa sawasawa kwenye mizani. *Kusababisha*: sintofahamu ndiyo iliyosababisha, kana kwamba ina mikono. *Baadhi ya watu*: wangapi, nani? *Kujeruhiwa*: na nani? Maneno kumi na mawili, watu wameumizwa, na aliyeumiza hayumo.

Niliwahi kuandika habari kuhusu mtu aliyepigwa na walinzi, nilikuwepo, niliona fimbo. Niliandika "walinzi walimpiga". Ilipotoka ilikuwa "sintofahamu ilizuka". Nilipouliza mezani, nikaambiwa lugha ya kwanza ilikuwa kali. Sikusema kitu siku ile, na mpaka leo naona nilipaswa kusema. Yule mtu alikuja na mkono umefungwa bandeji, akaniuliza kwa upole tu: "Ndugu mwandishi, mimi na wale walinzi ni nini ambacho hatukuelewana?"

Kwangu mimi hilo ndilo baya kuliko samaki mwekundu. Neno la wino limetumika kufanya kazi ya mkia. Msomaji anadhani hali yenyewe ndiyo imetatana, anasubiri itatuliwe, kumbe haikutatana kamwe.

Mstaafu 44

Nimeishiwa maneno, dada. Pole sana.

Mwalimu wa Vinyambuo

Na *mkanganyiko* unakwenda njia hiyo hiyo. Kanganya ina mtendaji: nani kamkanganya nani. Kanganyika haina. Ukiunda jina kutoka kwenye kanganyika, mtendaji umeshamwacha mlangoni. Si kosa la neno, ndiyo kazi ya kauli ile. Vikombe vimevunjika. Kavunja nani? Mtoto yeyote anajua kutumia kauli hiyo.

Tafrani, kizaazaa, patashika, vurumai nayo ni hivyo hivyo, kelele bila mwenye kelele. Ila *mtafaruku* nalitetea: ni ndugu wa farakana, lina maana ya watu kutengana, kwa hiyo angalau linakwambia kuna watu na kuna ufa kati yao.

Mzamiaji

Nirudi kidogo kwa ngisi, kwa sababu dada wa habari amenikumbusha jambo nililoliacha. Wino wa ngisi si kila mara wingu. Akiutoa wenye ute mwingi, unashikamana, unabaki majini kama donge lenye ukubwa wake yeye, na samaki analirukia donge akidhani ndiye. Chombo kilekile, wino uleule, umekuwa mkia. Kwa hiyo tusiyagawe maneno tukadhani yatakaa kwenye visanduku milele. Tuulize kila mara: hapa limefanya kazi gani?

Msomaji wa Nairobi

Wenzangu, nimefuatilia uzi huu tangu asubuhi nikistaajabu mbona hakuna aliyelitaja neno ambalo sisi Kenya tunalisikia kila uchao: *kengeusha*. Kuwakengeusha watu, kukengeusha fikira, kitu cha kukengeusha. Kengeuka ni kuacha njia uliyokuwa ukiifuata, kwenda kando. Kengeusha ni kumfanya mwenzio aiache.

Litieni kwenye mizani zenu. Lina mwenyewe? Ndiyo, kauli ya kusababisha haikosi msababishi. Lina uongo ndani? Hapana, unaweza kumkengeusha mtu kwa ukweli mtupu. Linapofusha? Halipofushi, macho yako wazi, njia tu ndiyo imeachwa. Na sikioni mwangu haliko mbali na makengeza: jicho zima, lenye kuona, lakini limeelekea pembeni.

Mfasiri wa Usiku

Nimesimama kabisa kwenye kiti.

Kwetu Tanzania kengeuka tunalo, lakini mara nyingi tunalisikia kwa mtu aliyeacha maadili au msimamo: "amekengeuka". Hii ya kusababisha tumeiacha kabatini. Nilikuwa karibu kuchukua *potosha*, nalo lina asili nzuri, maana kupota ni kusokota kamba au uzi, na potoa ni kupinda. Lakini upotoshaji siku hizi tunauelewa kuwa ni kusema uongo au kupinda ukweli. Tungerudi kulekule kwenye uongo.

Nimejaribu sasa hivi:

"Alipoulizwa hesabu za mwaka jana ziko wapi, mwenyekiti alijibu kuwa paa la ukumbi linavuja. Hii ni hoja kengeushi: yaweza kuwa ya kweli na yenye uzito, lakini kazi yake hapa ni kuwaondoa wasikilizaji kwenye swali lililoulizwa."

Nimempigia simu yule rafiki yangu, nikamsomea bila kumweleza chochote. Akaniambia, "Sawa, na hesabu je?"

Dogo wa Kona

Hahaha, kafaulu! Karudi kwenye hesabu mwenyewe.

Kasia Mkononi

Swali dogo kabla hujaenda, mkuu. Kitu chenyewe, si hoja, tuseme simu inayolia darasani. Ni kikengeushi?

Mwalimu wa Vinyambuo

Kikengeushi, vikengeushi, ngeli ya KI-VI, hakuna ubaya. Ila kwenye kitabu baki na "hoja kengeushi", Mfasiri, na mara ya kwanza kabisa unapolitaja weka mfano wa mkia wa mjusi pembeni yake. Mzamiaji akiruhusu.

Mzamiaji

Nimeruhusu. Weka na paka pia, bila paka mkia hauna maana.